Siku Niliyomeza Nusu Sovereni ya Mzee Lyle

Najua wengi wenu mmeshaisikia hii habari kutoka kwa Baba Tony, na Baba Tony mnamjua, akikuelezea mvua ya rasharasha utadhani ni gharika, kwa hiyo leo nimeamua nijianike mwenyewe, mcheke mkicheka, lakini angalau mcheke kilichotokea kweli. Nilimeza pesa ya mtu. Sikuila kama wanavyokula pesa wanasiasa wetu kule nyumbani. Niliimeza kwa koo hili, mbele ya watu kama mia mbili, mchana kweupe, mjini Saint Paul, hapa Marekani.

Yalianza kwa mkebe wa biskuti. Nilikuwa nimepita Apple Valley kwa familia moja iliyokuwa inauza vitu vyake mbele ya nyumba, kama wafanyavyo Wamarekani wakihama, nikanunua mkebe wenye sarafu za zamani za Uingereza kwa dola nane. Zilikuwa peni kubwa kubwa nyeusi zile za enzi za wafalme, na shilingi chache, wakati ambapo peni kumi na mbili ndizo zilifanya shilingi moja (mambo ya Waingereza hayo, msiniulize kwa nini kumi na mbili). Kipande kimoja cha fedha nikakiuza mtandaoni kwa dola thelathini. Basi hapo ndipo nilipoharibika. Mtu aliyepata faida mara moja tu hujiona msomi.

Kanisani kwetu Brooklyn Center nikaanza kuitwa Profesa, na mimi badala ya kukataa nikanunua lenzi ya kuchungulia. Watu wakawa wananiletea sarafu za marehemu babu zao baada ya ibada, nami nazipindua, naguna, nakunja uso, halafu nasema kitu kama "hii ina historia." Bei nilikuwa naitoa kichwani. Za kwangu nilikuwa nazisugua kwa ndimu na baking powder mpaka zing'ae, kumbe wenye ujuzi wakiona sarafu iliyosuguliwa wanaomboleza, maana ukishaisugua thamani yake umeimwaga kwenye sinki. Sikujua. Na ubaya wangu ni kwamba sikujua kuwa sijui.

Ndipo Baba Tony akasikia kuna maonyesho ya sarafu Saint Paul, Jumamosi, kwenye ukumbi wa hoteli moja, akaniambia, "Profesa, twende ukanifundishe." Tulifika saa nne asubuhi. Meza zimejaa, wazee wa Kizungu wamevaa suruali za mikanda ya mabegani, kila mtu ananong'ona kama yuko maktaba. Nilitembea mikono nyuma, natikisa kichwa mbele ya meza nisizozielewa, Baba Tony nyuma yangu akitikisa cha kwake vilevile.

Meza ya Uingereza ilikuwa ya mzee mmoja aitwaye Lyle, mrefu, mpole, dereva mstaafu wa basi la shule. Aliuza peni na shilingi, lakini katikati ya meza, juu ya kitambaa cha bluu, aliweka sarafu moja ndogo ya rangi ya dhahabu, na kando yake kadi: HAIUZWI. Nikamuuliza ni nini, akasema ni nusu sovereni, sarafu ya dhahabu ya Waingereza, baba yake alirudi nayo kutoka vitani Ulaya, na huwa anaiweka pale kwa kumbukumbu tu.

"Ungependa kuishika?" akaniuliza. "Ishike pembeni, usiiguse uso."

Nikaishika. Upande mmoja mfalme, upande wa pili mtu juu ya farasi anapigana na joka. Ni ndogo, haifiki hata ukubwa wa senti ishirini na tano ya Marekani. Mzee Lyle akageuka kutafuta lenzi yake ndani ya sanduku lililokuwa nyuma ya kiti, na wakati huohuo Baba Tony akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Lakini wewe unajuaje kama ni dhahabu kweli?"

Sasa hapo ningesema sijui. Neno moja. Badala yake nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa ndani ya mgodi, "Dhahabu huulizwa kwa jino." Nikaitia mdomoni nikaiuma.

Mzee Lyle akageuka. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alinitazama tu, akasema taratibu kabisa, "Bwana, naomba uitoe sarafu ya baba yangu mdomoni."

Mimi nimelelewa Taita na mama asiyecheza na adabu. Mzee akikusemesha unajibu, na unajibu hapohapo. Kwa hiyo nikafungua kinywa kusema "samahani mzee." Jaribuni ninyi kusema samahani mkiwa na sarafu katikati ya meno. Nilifika "sa," sarafu ikaanguka juu ya ulimi, ulimi ukashtuka, na koo, ambalo limezoea kupokea kila kinachokuja tangu utotoni, likapokea.

Nikafumba mdomo. Baba Tony akauliza, "Iko wapi?" Nikaelekeza kidole kifuani.

Mama wa meza ya pili alikuwa ameona yote, akasema kwa sauti ya kufika ukumbi mzima kwamba huyu mtu amemeza dhahabu. Minong'ono ikakatika. Wazee wakaanza kufunika sarafu zao kwa viganja (sijui walidhani nitapita meza hadi meza kama kuku). Mlinzi akaja, kijana mpana, akasimama kati yangu na mlango, akasema amewahi kusikia wezi wa namna hii, wanameza halafu wanaenda kuitolea nyumbani, na kwamba anaita polisi.

Hapo kicheko kilichokuwa kinamtekenya Baba Tony kikaisha. Mimi nahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kazi ile, jina lako likishaandikwa popote kwa wizi, cheti kinakwenda, na cheti kikienda kodi ya nyumba inabaki palepale inakungoja. Nikamwangalia Mzee Lyle, nikamwambia, "Mzee, mimi si mwizi. Mimi ni mjinga."

Akamgeukia mlinzi, akamwambia, "Usimwite mtu. Namwamini, hasa hilo la pili. Nitakwenda naye hospitali."

Basi tukaenda, Baba Tony anaendesha, mimi pembeni nimeshika tumbo kama mjamzito, na Mzee Lyle kiti cha nyuma amejikunja magoti yakigusa kidevu, mkononi ameshika kile kikadi cha HAIUZWI. Sijui kwa nini alikibeba. Kila tukipita tuta, Baba Tony anapunguza mwendo na kusema "pole," na sikuelewa anaiambia sarafu au ananiambia mimi.

Hospitali nikajieleza mapokezi kwa sauti ya chini, yule dada akaniomba nirudie, nikarudia, akaniomba nirudie mara ya tatu, na naapa mara ya tatu aliomba kwa raha zake. Nikapelekwa eksirei. Nani anapiga picha? Nyaboke. Nyaboke wetu, kiongozi wa kwaya. Akasoma karatasi, akanitazama, akaisoma tena.

"Shemeji," akasema, "hapa wameandika umemeza sarafu. Ni makosa ya kuandika?"

"Si makosa."

"Simama hapo. Usipumue." Na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa hapumui, mabega yanamtetemeka nyuma ya kioo.

Picha ikatoka: mbavu zangu, uti wa mgongo wangu, na katikati ya tumbo duara jeupe, limetulia kama mwezi mpevu. Daktari akamwita Mzee Lyle ndani kwa ruhusa yangu, akamuuliza, "Ni dhahabu tupu?"

Mzee Lyle akapapasa ile kadi. "Andika kwamba hatuna hakika," akasema.

Nilidhani hataki watu wajue thamani ya mali yake. Daktari akasema sarafu yenye ukubwa ule kwa kawaida hupita yenyewe, nirudi Jumatano kama haijatoka, na nikisikia maumivu nirudi mara moja. Mzee Lyle akachukua namba yangu ya simu na tukaachana.

Nyaboke hakumwambia mtu, kazi yake haimruhusu. Lakini kazi ya Baba Tony ni kuendesha lori. Jumapili asubuhi naingia kanisani, naona watu wananipisha njia kwa upole kama ninabeba mayai. Mchungaji akafika kwenye maombi, akaombea wagonjwa, akaombea wasafiri, kisha akasema, "Na tumkumbuke ndugu yetu Mwakio, ambaye ana kitu cha mwenyewe ndani yake. Kitoke kwa amani." Kanisa zima, amina. Binti yangu Mghoi, miaka kumi na miwili, ambaye Kiswahili husema hakielewi nikimtuma aoshe vyombo, alikielewa chote siku hiyo, akahamia benchi la nyuma na kuketi na familia nyingine.

Baada ya ibada ushauri ukaanza. Mmoja akaja na papai. Mwingine githeri, yale mahindi na maharagwe, sufuria nzima. Mama mmoja wa Kisii akasema kwao mtu hupewa uji wa wimbi na kuruka kamba. Mke wangu Wakesho alipokea vyote kwa shukrani, akaviweka kwenye gari, na tulipofika nyumbani akanikabidhi glavu za kazini na chujio kuukuu la jikoni, akasema, "Hili usilirudishe." Hayo ndiyo maneno pekee aliyonisemesha siku hiyo.

Na Mzee Lyle alikuwa anapiga simu, asubuhi na jioni. "Vipi tumbo? Hakuna maumivu? Unakula?" Nilikuwa najibu najikunyata, maana nilijua anachoulizia ni mali yake, ila ni muungwana.

Ilitoka Jumanne, kabla sijaenda kazini. Sitaeleza zaidi ya hapo, kuna watu hapa wanakula. Ninachotaka mjue ni kwamba nilipoisafisha, niliitia chini ya taa nikaitazama vizuri. Ilikuwa imebadilika rangi. Mfalme ana mabaka ya weusi shavuni, na pembeni dhahabu imebanduka, chini yake pakaonekana wekundu kama wa bomba la shaba. Nikakimbilia simu nikasoma, kila mahali wanasema jambo moja: dhahabu haidhuriwi na tumbo la mtu. Sasa niambieni, nani ataniamini? Nimepewa dhahabu, narudisha shaba. Mlinzi yule angekuwa na haki ya kudai nimeibadilisha.

Nikachukua ndimu na baking powder. Wakesho akasimama mlangoni.

"Weka chini," akasema. "Peleka kama ilivyo, na useme ukweli wako. Ukiisugua utakuwa umeongeza kosa juu ya kosa."

Jioni nikaenda kwa Mzee Lyle. Anaishi peke yake kwenye nyumba ndogo, akanikaribisha jikoni, akaweka kahawa. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima njiani, lakini nilichofanya ni kuiweka ile sarafu mezani juu ya kitambaa cha karatasi na kusema, "Mzee, sikuibadilisha. Ndivyo ilivyotoka."

Hakuigusa. Aliiangalia, mdomo ukaanza kumcheza, nikajua sasa analia. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Niliwahi kuipima uzito," akasema alipopata pumzi. "Miaka mingi iliyopita. Ilikuwa nyepesi mno. Lakini baba alikuwa hai, na kila Krismasi alikuwa anaitoa na kutusimulia. Ningemwambia nini? Kuna mtu alimwuzia shaba iliyopakwa rangi, na yeye akaipenda maisha yake yote." Akafuta macho. "Tangu Jumamosi sijalala vizuri. Sikujua umemeza madini gani. Ningemwambia daktari waziwazi, nikaona aibu mbele yako. Unisamehe."

Siku nne zote hizo mimi nilidhani ananidai sarafu, na mzee wa watu anaulizia tumbo langu.

Nilimwambia sina cha kusamehe, mimi ndiye niliyekula urithi wake. Akasema dada yake bado anaamini ni dhahabu, ana miaka themanini na sita, na ingekuwa vizuri ibaki hivyo. Kisha akaifunga kwenye kile kitambaa, mabaka na yote, akaitia mfukoni mwa shati na kuipigapiga kwa kiganja. Tukamaliza kahawa. Nikitoka akanisindikiza hadi kwenye gari, akanifungulia mlango, akanishauri kwa uso mkavu kabisa kwamba jioni nile kitu chepesi.

Sasa nyinyi mnaendelea kuniita Profesa na kuniletea sarafu, wengine hata cheni za dhahabu mnanitania nizipime. Nimewaambia na narudia: lenzi nimeigawa, na mkebe nimemwachia Mzee Lyle, yeye anajua anachokitazama. Mtu akiniuliza hii ni ya thamani gani, namjibu sijui. Neno hilo lilinichukua miaka arobaini na nne kujifunza kulitamka, na nikiwa nalitamka siku hizi huhakikisha kwanza kwamba mdomoni hamna kitu.