Shangazi na Kahawa ya Kusafisha Tumbo

Ukoo wetu umelima kahawa Rugera tangu enzi za babu, na sijawahi kuona mtu wa kwetu akiinywa. Sisi tunaitafuna. Mgeni akiingia, hata kabla ya kuulizwa habari za safari, anawekewa kikapu cha akamwani, zile buni zilizochemshwa na majani ya harufu zikakaushwa. Anachukua mbili tatu, mazungumzo yanaanza. Ilibidi aje msomi mkubwa, anayeishi ndani ya simu, kutufundisha kwamba miaka yote hiyo tulikuwa tunaiingiza upande usio sahihi.

Msomi huyo aliletwa na ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp la kinamama wa kwaya. Jina hakutaja, chuo hakutaja, lakini alikuwa na sauti nzito, na kwetu sauti nzito ni cheti. Alisema utumbo wa kila mtu mzima umebeba uchafu wa miaka. Dawa ni kahawa iliyochemshwa na chumvi na ndimu, ipitishwe nyuma kwa mpira, asubuhi na jioni, mpaka mwili uwe mwepesi. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, mwanamke anayefagia hadi chini ya migomba, alisikia neno uchafu akakosa amani.

Kahawa ipo, chumvi ipo. Mpira akaukata kwenye bomba kuukuu la kunyunyizia dawa ya wadudu shambani. Msiogope, aliuosha kwa sabuni ya unga.

Na mwili ukawa mwepesi kweli. Kufikia Jumapili hakuweza kusimama, akapakiwa kwenye bodaboda, mtu akamshikilia kwa nyuma asidondoke, mpaka hospitali Kayanga. Nilimkuta midomo imekauka, mikono inatetemeka, khanga ina damu. Sababu niliijua, kwa kuwa yeye mwenyewe alinirushia ile sauti na kunisuta kwamba nimechelewa kujisafisha.

Kando ya kitanda walikuwepo watu watatu: baba, mume wa shangazi na mwinjilisti wetu. Daktari, binti mdogo kuliko mimi, akauliza mgonjwa ametumia nini.

"Ndizi zetu, ebitoke, na maharage tu, waitu," mumewe akajibu kwa heshima.

"Dawa yoyote ya kienyeji?"

"Hapana, daktari. Sisi ni Walutheri."

Ule mpira ulikuwa umeanikwa wiki nzima kwenye kamba moja na mashati ya huyo huyo mume. Baba akasema huenda ni malaria. Mwinjilisti akadokeza kwamba kijijini siku hizi kuna watu wabaya. Shangazi, asiye na nguvu ya kunyanyua kikombe, alipata nguvu ya kunikazia macho ninyamaze.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimwangalia yule mwanamke aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo, nikaona atakufa kwa adabu, sisi ndugu zake tukiwa tumemzunguka kwa heshima zote. Niliogopa sana.

"Baba, naomba unisamehe," nikasema. Kisha nikamweleza daktari yote, mbele yao: kahawa, chumvi, ndimu, ilipopitia, na mpira ulikotoka. Baba alitazama dari kana kwamba anahesabu mabati. Mwinjilisti akakumbuka kuwa ana ibada. Daktari hakucheka hata kidogo. Aliuliza ile dawa ya wadudu ni ipi, akafuta alichokuwa ameandika, akaita muuguzi. Baadaye alituambia kwamba tungeendelea na malaria yetu hadi jioni, figo zisingetusubiri.

Shangazi amepona. Kanisani alitoa ushuhuda wa jinsi Bwana alivyomtoa kwenye malaria kali, tukasema amina, mimi kwa sauti kuliko wote. Ile sauti nzito bado inazunguka kwenye kundi, na wiki iliyopita jirani alinisimamisha sokoni kuniuliza kama ndimu lazima iwe mbichi.

Mimi sijasamehewa. Nikienda kumsalimia shangazi, shikamoo yangu inapokelewa na ukuta. Kikapu cha kahawa kinapelekwa kwa mgeni wa kulia, kwa mgeni wa kushoto, kikifika kwangu kinarudi mezani. Hapo shangazi huchukua buni moja, akaitia mdomoni, akaitafuna polepole huku akinitazama ili iniume. Nami nakaa mikono mitupu, namtazama anavyotafuna, na sitaki kitu kingine.