Mchanga wa Kaa Wangu

Mimi na kaka yangu hatusalimiani. Kwenye matanga yeye hukaa kwenye hema la wanaume, mimi hukaa nyuma na kisu cha kukatia sukuma wiki, na akija kuomba chai mimi hugeukia moto. Watu wa kwetu wameshaupa ugomvi huo jina, wanauita ugomvi wa kaa. Husema mwalimu mzima amekosana na ndugu wa tumbo moja kwa sababu ya vidudu alivyovitoa Pwani. Nawaacha wacheke. Ugomvi wetu ni wa mchanga, na kwa kuwa kila mtu Migori anausimulia anavyotaka, nami nitausimulia.

Nilifundisha Pwani miaka mingi kabla ya kuhamishiwa nyumbani. Huko ndiko nilikompata kaa wangu mkubwa, mmoja wa wale wa nchi kavu wanaoishi ndani ya kombe la konokono na kulibeba mgongoni. Alikuwa anauzwa kwa watalii, kombe lake limepakwa rangi za bendera, amefungiwa kwenye kitundu cha waya pamoja na kipande cha sponji na makombo ya biskuti. Nilimnunua kwa hasira. Mwuzaji aliniambia atadumu wiki chache, kisha nirudi aniuzie mwingine. Nilimtukana palepale, na mume wangu wa wakati huo akaniuliza kwa nini natukana watu kwa sababu ya mdudu. Mume huyo aliondoka zamani. Kaa alibaki, na sikuona hasara.

Kumtunza kaa wa namna ile si kazi ngumu, ila ni kazi inayotaka mtu asiye mjinga, na hapo ndipo wengi huanguka. Watu wanadhani kwa kuwa ametoka baharini basi ni samaki. Ukimtumbukiza ndani ya maji, anakufa. Ukimwacha kwenye hewa kavu, anakufa vilevile, polepole zaidi, kwa sababu pumzi yake inataka unyevu kila wakati. Mimi nilikuwa na kasha la kioo lenye kifuniko, joto la chumba halipungui, na kioo chenyewe kila asubuhi kina jasho. Ndani niliweka vibakuli viwili, kimoja cha maji matamu na kingine cha maji ya chumvi ya bahari, si ile chumvi ya mezani. Maji ya bomba nilikuwa nayaacha kwanza ndooni mpaka harufu ya dawa iishe. Niliweka makombe matupu, makubwa kidogo kuliko lile alilovaa, yenye mdomo wa mviringo, bila rangi. Yule mkubwa alilivua lile la bendera usiku mmoja na hakuligusa tena. Na nilimtafutia wenzake, wadogo wadogo, kwa sababu kaa aliye peke yake hunyong'onyea.

Chakula nacho nilisumbuka nacho. Ganda la yai lililosagwa, embe lililoiva, nazi, majani makavu, mahindi ya kuchemsha yasiyotiwa chochote. Nilipohamia Migori nikaongeza omena, wale dagaa wa ziwani, lakini si omena yoyote. Kuna wachuuzi ambao mvua ikiwazidi huimwagia chumvi, na kuna wengine hupuliza dawa ya kufukuza nzi, halafu wanakuapia kwa jina la Mungu kwamba hawajafanya hivyo. Nilikuwa nasafiri mpaka Homa Bay kwa mama mmoja anayeanika omena yake juu ya wavu, si chini kwenye vumbi, na ananiruhusu niinuse kabla ya kulipa. Majirani walisema nasafiri mbali kununulia wadudu chakula kizuri kuliko changu. Ilikuwa kweli, na haikuwahusu.

Majirani wale wale ndio walioeneza habari kwamba nimerudi na majini. Mwanamke anaishi peke yake, ametoka Pwani, ana sanduku la kioo ambalo halifunguliwi ovyo, na usiku vinasikika vitu vikitembea. Mmoja alileta akina mama wa maombi bila kuniuliza. Niliwafungulia mlango, nikawaonyesha kaa wanavyokula embe, nikawaambia atakayegonga kile kioo nitamgonga mimi. Waliomba wakiwa wamesimama uani.

Sasa mchanga. Kaa huyu, ili akue, lazima ajivue gamba. Huchimba, hujizika, hukaa chini huko wiki nyingi, pengine miezi, laini kama yai la kuchemsha, akila gamba lake la zamani ili lile jipya likaze. Wakati huo hana kinga yoyote. Kwa hiyo mchanga lazima uwe mwingi, wenye kina, uliolowa kiasi cha kushikamana ukiufinyanga, na uwe safi. Vingine vyote naweza kuvibahatisha, mchanga siubahatishi. Ule wa Pwani sikuweza kusafiri nao wote. Nilichukua makumbi ya nazi gunia zima, na mchanga nikaamua nitautafuta ziwani.

Kaka yangu ana pikapu. Ana pia kinu cha kusaga mawe ya dhahabu kule Osiri, na kwa sababu ya kinu hicho ana sauti kubwa kuliko ya baba yetu alipokuwa hai. Nilimwomba aniletee mchanga wa Karungu, wa ufukweni. Nilimweleza mara mbili, tena taratibu, kama ninavyoeleza darasani, kwamba nataka wa Karungu tu, ule wenye vipande vya makombe ya konokono ndani yake, na sababu yake. Alisema ameelewa. Alicheka, lakini alisema ameelewa.

Alileta magunia jioni. Ulikuwa mchanga laini ajabu, wa kijivu, hauna hata jani. Nilimuuliza makombe yako wapi. Aliniambia amenichekechea kabisa, kwamba mimi ni dada yake na hawezi kuniletea uchafu. Nilimkaribisha chai na mkate, nikamshukuru. Mpaka leo chai ile inaniuma.

Nikauosha, nikauanika juani, nikauchanganya na makumbi, nikajaza kasha. Yule mkubwa alizunguka siku kadhaa akipima pembe zote, kisha akachagua kona ya nyuma akazama. Nilifurahi. Nilijua ametulia, maana kaa hajiziki mahali asipopaamini. Nikafunika upande ule kwa kitambaa ili mwanga usimsumbue, nikaanza kungoja.

Wadogo ndio walioanza kuharibika. Mmoja alitoka kwenye kombe lake akalala uchi karibu na kibakuli, na kaa haachi nyumba yake hivihivi, huiacha akiwa amekata tamaa. Nilimsogezea kombe lake, akalikataa. Alikufa. Kisha mwingine. Nilibadilisha maji. Nikaacha omena, nikarudi kwenye nazi na ganda la yai. Nikamshuku mpangaji wa jirani, ambaye hupuliza dawa ya mbu kama anazima moto, nikagombana naye mpaka akaziba dirisha lake kwa gazeti. Nilimwonea, lakini hata hivyo hanipendezi. Kila nilichofanya hakikusaidia, na kitu kimoja tu sikukigusa: mchanga, kwa sababu yule mkubwa alikuwa ndani yake, na ukimfukua kaa aliyejivua gamba umemuua kwa mkono wako.

Nilikwenda Osiri kwa jambo lingine kabisa, mchango wa harusi. Kaka yangu alikuwa kwenye kiti chake nje ya nyumba, kinu kinanguruma ng'ambo ya ua. Kando ya kinu kulikuwa na rundo la mchanga laini wa kijivu, usio na hata jani. Juu ya rundo hilo alikuwa amekaa binti yake mdogo, yule wa mwisho, na kopo la mafuta ya kupikia. Alikuwa anapika ugali wa mchanga. Alionja kwa kidole, kama mama yake anavyoonja mboga.

Kila mtu wa kule anajua rundo lile linatoka wapi. Mawe yanasagwa yawe unga, unga unaoshwa, unatiwa zebaki ikamate dhahabu, unafinyangwa kwa mikono mitupu ndani ya karai, na kinachobaki kinamwagwa pembeni. Nilimuuliza mchanga wangu aliuchota wapi. Hakuona hata haja ya kudanganya tena.

"Karungu ni mbali, dada, na petroli unaijua," alisema. "Hii mchanga imeoshwa mara mingi kuliko nguo zako. Hakuna safi kama hii."

Alikuwa anaamini. Hilo ndilo linalonikasirisha mpaka kesho. Kwake yeye kilichooshwa ni safi, basi, na hata siku moja hajajiuliza kimeoshwa na nini. Nilimwambia mtoto atoke pale. Nilimwambia zebaki haionekani na haiishi kwa kuoshwa, inaingia mwilini na kukaa, na inamharibu mtoto kichwa kabla hajajua kusoma. Alinijibu kwamba ameishika kwa mikono yake tangu ujana na amezaa. Mke wake alikuwa mlangoni. Nilimtazama, naye akamtazama mumewe.

"Usiniletee majini yako ya Pwani kwa watoto wangu," kaka yangu alisema.

Nilirudi Migori bila kutoa mchango. Nikavaa glavu za kuoshea vyombo, nikatoa kitambaa, nikafukua kona ile kwa kijiko cha chai.

Alikuwa ameshamaliza kujivua gamba. Alifanya kazi yote, peke yake, gizani. Gamba la zamani lilikuwa kando yake, nusu limeliwa, na mwili mpya ulikuwa mkubwa kuliko nilivyotarajia, wenye rangi nzuri ya udongo mwekundu. Alikuwa amekufa akiwa bado laini. Nililia, nami silii ovyo. Nililia kwa hasira na kwa uchungu, sikuweza kuvitenganisha.

Kesho yake nilimtia kwenye mkebe wa siagi nikarudi naye Osiri, nikauweka juu ya meza ya kaka yangu, kando ya sahani ya samaki, nikaufungua. Nilimwambia huyu amelala ndani ya mchanga wako miezi michache, na mtoto wako anacheza wapi. Alisimama akapiga kelele kwamba nimemwekea uchawi mezani. Watu wa kinu walikuja kutazama. Mke wake alitoka nje, akamnyanyua binti kutoka kwenye rundo, akampeleka kwenye ndoo, akaanza kumsugua mikono mpaka mtoto akalia. Nikaondoka nikidhani nimeshinda.

Majuma machache yakapita bila neno. Kisha kaka yangu akanipigia simu mwenyewe, sauti imejaa majivuno.

"Ile rundo imeenda," alisema. "Hakuna hata kijiko imebaki. Sasa umefurahi?"

Kusema kweli nilifurahi. Nilikaa kitako kitandani, na nilikuwa karibu kumwambia pole kwa mambo ya meza. Badala yake nikamuuliza mchanga wameupeleka wapi.

Akasema kanisa lao lina chekechea mpya. Madaftari hakuna, na mwalimu alikuwa anaomba waumini mchanga safi, laini, wa kumwaga sakafuni ili watoto wafundishwe kuandika kwa kidole. Amejitolea rundo lote, na amewabebea kwa pikapu yake bila kudai petroli. Wamemwombea mbele ya ibada nzima.

Sikumbuki nilikata simu au la. Nilichukua boda mpaka huko, nikamwambia kijana aendeshe na aache kuniongelesha. Darasa lilikuwa la mabati, mlango uko wazi, watoto wamepiga magoti kwa safu juu ya mchanga wa kijivu, na mwalimu mmoja kijana anawaongoza kwa wimbo. Walikuwa wamefika kwenye herufi ya o. Kila mtoto alichora duara lake, na kila aliyekosea alilamba kidole kukilowesha, akafuta, akaanza upya.