Nilitoa rubugo la bibi kwenye begi la mwanangu, sasa mtoto wa watu anaitwa mwizi

Admin, jina langu libaki kwako. Ninaosali nao kwenye jumuiya wanausoma ukurasa huu.

Tumsifu Yesu Kristo, na ndugu zangu Waislamu, asalaam aleikum. Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, mjane, naishi upande wa Kashozi. Shule yangu iliishia darasa la saba, basi mnisamehe nikiandika kama ninavyoongea. Nalima migomba na kahawa, na mama mkwe wangu ana nyumba yake hapo hapo uani kwangu. Binti yangu wa mwisho amepata chuo huko Muleba, analala bweni, na ndiye wa kwanza nyumbani kwetu kufika chuo. Wiki ile ya kufungasha nilihangaika sana. Nilitaka wazazi wengine wakiona vitu vyake wajue mtoto huyu ana kwao. Blanketi jipya, ndoo yenye kifuniko, neti, chupa ya chai, senene wa kukaanga kwenye kopo. Mwanangu akawa ananicheka, "Mama, unanipeleka chuo au unanioza?"

Yeye alitaka kitu kimoja ambacho mimi sikukitaka. Rubugo la bibi yake. Kwa wasiojua, ni ile nguo ya gome la mti waliyovaa wazee wetu. Baba yake alipofariki mwanangu alikuwa mdogo na mimi nilikuwa sijiwezi kwa majonzi, akawa analala kwa bibi, wakijifunika hilo. Bibi ndiye aliyempa aende nalo. Ni nene, begi likakataa kufunga, mtoto akatoa chupa ya chai ili liingie.

Mimi nikaona aibu. Siku hizi mtu akiona rubugo anawaza waganga na misiba. Nikajiambia wenzake watamwita mchawi, na mimi mama wa rozari nitaonekanaje? Nikamwambia, "Hilo liache." Akasema, "Mama, bila harufu ya kwa bibi sitapata usingizi." Alipokwenda kuaga majirani nikalitoa, nikalificha stoo kwenye gunia la kahawa, nikazitawanya nguo zake ili begi lisionekane limelegea.

Chuoni tulimkuta mwenzake wa chumba, binti wa mvuvi kutoka Goziba. Alikuja na begi dogo na mfuko wa dagaa. Akanisalimia kwa kupiga goti, akanipokea godoro, akalibeba kichwani. Tulipotaka kwenda kujiandikisha akasema, "Nendeni tu mama, vitu nitaviangalia." Tulipotoka nje nikamnong'oneza mwanangu, "Watoto wa visiwani hao, chunga vitu vyako." Maneno hayo ni yangu, hakunifundisha mtu.

Sijafika hata nyumbani simu ikaita. "Mama, rubugo silioni. Ulilitoa?" Aliniuliza wazi hivyo. Nikasema, "Nilitoe la nini? Tafuta vizuri." Akasema, "Basi, tulipotoka alibaki yeye peke yake." Pale pale ningeweza kusema. Nikasema mtandao unasumbua, nikakata.

Wamempekua yule binti. Matroni alimwaga vitu vyake sakafuni wenzake wakitazama, hadi ule mfuko wa dagaa. Hawakupata kitu, lakini jina limeshamganda. Akipita wanamtania, "Mvuvi, leo umevua nini?" Amehamia chumba kingine, na huko nako hakuna anayemwachia ufunguo.

Siku moja akaomba namba yangu, akanipigia mwenyewe. "Shikamoo mama." Nikaitika, "Marahaba mwanangu." Akasema, "Mama, mimi sikuchukua. Kama kuna kitu kingine nilimkosea mwanao anisamehe, lakini hicho sikuchukua. Wewe ni mtu mzima, nisemee." Alikuwa analia huku anajizuia. Nikamjibu, "Haya mwanangu, tumwombe Mungu." Ndugu zangu, nilimtaja Mungu kwa kinywa hiki hiki.

Nilikwenda kuungama. Nikasema "nimesema uongo", nikauchanganya na hasira na masengenyo kama uongo wowote wa sokoni. Padre akanipa sala za malipizi, nikazisali zote, nikatoka kanisani nikijua nimemzunguka Mungu. Tangu hapo sikomuniki, sipokei Ekaristi. Mama mkwe ameona. Jumapili alinishika mkono akaniuliza, "Unaumwa? Au unamuwaza mtoto? Anapata usingizi na lile rubugo?" Nikasema anapata.

Niliwahi kuwaza nilipeleke kwa siri, nilisukumie chini ya kitanda cha mwanangu, lije lionekane. Lakini watasema yule binti amelirudisha kwa kuogopa, na nitakuwa nimempigilia msumari.

Sasa baba wa yule binti anavuka ziwa Jumamosi kuja kumchukua, kwa sababu amesema hasomi tena. Na mwanangu amenipigia, "Mama, na wewe uje, useme mbele yao tulifungasha nini." Yaani mimi ndiye shahidi.

Kwamba ukweli lazima niuseme, hilo najua, msihangaike kunishauri. Ninachoomba mnionyeshe pa kuanzia. Nimpigie yule binti leo, kabla baba yake hajapanda boti? Nianze na mwanangu, ambaye nikishamwambia sijui kama ataniamini tena? Au ninyamaze hadi Jumamosi nisimame mbele ya wote, kwa kuwa na yeye alipekuliwa mbele ya wote? Hiyo ya mwisho naiogopa, na nikiwaza hizo mbili za kwanza naona kama natafuta mlango wa nyuma.

Asubuhi hii nimelitoa rubugo kwenye gunia, nimelianika uani. Linanuka kahawa. Mama mkwe ametoka kwake, amelipita, akarudi akalishika. Amenitazama, ameingia ndani. Nisaidieni wenzangu, nifanye nini, nianze na nani?