Miaka Minne ya Kugonga Jante

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kaka yangu, vinavyolia kwacha-kwacha kama bata. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Leo niko na kumi na saba, nimestaafu, na mgongo uko mzima, asante. Ninyi mnaoanza katekisimu, sikilizeni jinsi kazi ilivyofanywa zamani.

Nilipangwa kwenye kanisa la bashi, yaani turubai, katika kambi yetu ya watu waliokimbia vita, hapa Bunia. Kengele ilikuwa jante, chuma cha gurudumu la lori, imetundikwa kwenye mti wa kalitusi. Mkubwa wangu, Katekista, alinipa kipande cha chuma cha kugongea.

"Jante hii ilitembea kuliko weye," alisema. "Sasa inaita watu. Usiicheze."

Kengele ya kwanza hugongwa polepole: watu waoge. Ya pili, polepole vilevile: waliooga waje. Ya tatu ni mapigo matatu tu: wachelewaji waone haya. Kugonga mbiombio bila kupumzika ni marufuku. Huko Djugu tulikotoka, hiyo ni ya kukimbia vita.

Jirani yetu Mama Lotsove, wa kijiji cha Bule, alikuwa na furushi lake mlangoni, limefungwa kwa kitenge miaka yote. Nilikuwa namtania: "Mama, unasafiri leo?" Naye: "Nyamaza, muguu ya bata." Kisha juma moja akalifungua. Akaanika nguo, akapanda muhogo wa sombe, mboga ya majani, nyuma ya hema.

Jumapili ile nilichelewa kwa sababu ya mpira. Nikazigonga zote tatu kwa mara moja, mbiombio, nimalize.

Kanisa lilibaki tupu. Mama Lotsove tulimkuta kwenye barabara kubwa, godoro mabegani, sufuria ya maharagi mkononi, ingali moto.

"Uligonga nini?" Katekista aliniuliza.

"Ya misa, Katekista."

"Ya misa ya nani?"

Mama Lotsove alirudi, akafunga furushi tena.

Hawakunifukuza. Katekista aliniongezea kazi: kabla ya kila kengele nipite kwanza mlangoni kwa Mama Lotsove, niseme, "Mama, ni ya misa." Nilisema hivyo mwaka mzima. Yeye aliitika "Mm," furushi likabaki palepale. Siku moja nilichoka, nikamuuliza Katekista kama Mama atalifungua kweli.

"Abrahamu naye aliishi mu hema," akasema. "Mungu hakumupa nyumba. Alimwambia tu, niko na weye. Enda ugonge."

Mwaka huu namaliza masomo, na baba amenitafutia shule ya ufundi Kisangani. Nilitangaza kustaafu. Niliogopa kidogo, lakini mustaafu hasemi mambo hayo. Nilipopita mlangoni mara ya mwisho, Mama Lotsove alinyoosha mkono.

"Leta hiyo chuma. Nikigonga miye mwenyewe, nitajua ni ya nini."

"Na mabega yako, Mama?"

"Yalibeba godoro. Leta."

Jumapili iliyofuata nilikuwa kitandani, mustaafu halisi, niliposikia ya kwanza, polepole kuliko nilivyowahi kugonga. Nikaoga. Nilifika ya tatu ikilia, nikaona haya kama inavyotakiwa. Mama Lotsove alikuwa chini ya kalitusi. Chuma kinaumiza kiganja, kwa hiyo alikuwa amekizungushia kitambaa. Nilikitambua: ni kile kitenge cha furushi.