Asali Iliyokwenda Ujiji kwa Umeme

Mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda cha Cheyo alifariki wiki iliyopita baada ya kuugua kwa muda mfupi, na tumemzika hapa hapa Tabora. Wewe unayenisoma kila mara umekwisha kuzoea majigambo yangu. Leo nivumilie zaidi, maana siwezi kumweleza marehemu bila kuitaja kazi ya mikono yangu. Nilirudi kutoka Dar es Salaam na stashahada ya umeme na sanduku la vifaa, nikaijenga karakana yangu ya Itetemia bila kushikwa mkono na mtu. Katika yote niliyotengeneza humo, hakuna kilichonisisimua kama pikipiki yake ya umeme.

Ilikuwa pikipiki ya kuzungukia mjini, kwenda Chemchem na kurudi. "Fundi," akaniambia, "nataka hii inifikishe Ujiji kwa dada yangu." Dada huyo ndiye mkubwa wake pekee aliyebaki, na uzee ulikuwa umemzuia kusafiri. Nikamkumbusha kwamba treni ipo. "Treni ni ya waliochoka! Babu zetu waliifuata njia hii kwa miguu, meno ya tembo mabegani. Mimi nitakuwa nimekaa tu, nishindwe?" Kijiweni vijana walimcheka waziwazi. "Mwenyekiti, utachajia wapi, kwenye mti wa mninga?" mmoja akauliza. Mwingine akadakia, "Ukikwama Urambo tupigie, tuje na kamba!" Akawajibu kwamba akivutwa kwa kamba, uenyekiti wauchukue.

Basi nikaingia kazini. Nilimfungia betri ya pili ndani ya kasha la chuma lisilopitisha maji, nikabadilisha shokapu, nikapunguza kasi ya juu ili umeme udumu, nikaweka kapu kubwa nyuma. Hesabu zangu zilikuwa safi. Tuliondoka asubuhi, yeye mbele kimya kama upepo, mimi nyuma na pikipiki yangu ya petroli yenye makelele. Tulipita Urambo tukipiga kelele za furaha kama watoto waliofunga shule. Lakini kabla ya Kaliua taa ya betri ikawa nyekundu, na mimi nikawa mwekundu kuliko taa. Nikafungua kapu. Madumu ya asali, yamejaa hadi mdomoni!

"Mzee, huu mzigo hukuniambia!"

"Ulitaka niende kwa dada yangu mikono mitupu? Mtu wa Tabora?"

"Basi nipe mimi niyabebe."

"Asali ikibebwa na petroli, kijiweni watasema na mimi nimebebwa. Haiguswi!"

Tukajikokota hadi kwa familia moja ya wakulima, Wamoraviani, waliokuwa na sola ya kuendeshea pampu ya maji. Nilitaka kuomba umeme papo hapo. Yeye akanizuia kwa mkono, akaamkia, akaketi, akauliza habari za mashamba, kisha akamimina asali kwenye bakuli la mwenyeji. Mama wa nyumba akasonga ugali, baba akaleta waya mwenyewe bila kuombwa. Tuliposhiba, betri nayo ilikuwa imeshiba. Kuanzia hapo ndivyo tulivyosafiri: kila tulipochaji asali ilipungua, na kila ilipopungua pikipiki ikawa nyepesi na kwenda mbali zaidi. Baada ya Uvinza nilikuwa naimba peke yangu barabarani.

Ujiji tuliingia na dumu moja. Bibi yule alikuwa ukumbini akichambua mchele. "Wee! Umeingia kama mwizi, mbona sikusikia pikipiki?" Marehemu alipiga goti, akasema "Shikamoo dada," akaliweka dumu mapajani mwake. Bibi akachovya kidole, akalamba, akafumba macho. "Ya nyumbani," akasema, akamshika mdogo wake kichwa kwa mikono yote miwili, na hakumwachia upesi.

Leo watu wanakuja kwangu kutoka mbali kutengenezewa pikipiki za safari, na kazi yangu haina mpinzani katika mji huu. Lakini kabla sijashika spana humuuliza mteja anamwendea nani, na ni kitu gani hawezi kukiacha nyumbani. Jibu hilo ndilo ninaloliwekea betri. Chombo cha safari hupimwa kwa mzigo ambao mwenyewe hayuko tayari kuutua. Vingine vyote ni chuma tu.