Safari ya Korogwe Kumwandikisha Mama Rehema

Kilichonipeleka Korogwe ni neno moja tu: mwajiri. Nilikuwa na tanuri la mikate pale Handeni mjini, na kwa miaka sita Mama Rehema, mjane kutoka Kang'ata, alikuwa akinikandia unga. Siku moja bwana wa serikali alipita madukani akatuambia kwamba kila mwenye mfanyakazi, hata mmoja, akajiandikishe. Juma lile lile, kwenye mkutano wa tawi la chama, tukaambiwa kuwa anayemwajiri mwenzake ni mnyonyaji. Nikijiandikisha, nimejitangaza, nisipojiandikisha, nimevunja sheria. Mke wangu akanishauri nikaulize huko huko Korogwe, zinakotoka fomu za kujiandikisha.

Saa kumi na mbili asubuhi basi liliondoka. Njia fupi ilikuwa imeharibiwa na mvua, tukazunguka kwa Mkata.

Segera tulisubiri gari la Korogwe kwa muda mrefu. Jirani yangu kwenye benchi, mzee aliyewahi kukata mkonge, aliniambia kuwa mguu wake ulipoumia shambani alitibiwa kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye kitabu. Mwenzake ambaye hakuandikwa alirudishwa kwao na kidonda chake. Nilizidi kuchanganyikiwa. Mnyonyaji ni yupi, anayeandika au asiyeandika?

Korogwe nilifika saa saba, nikaingia ofisini. Meza ya kwanza walitaka leseni, nikaitoa. Meza ya pili walitaka fomu, ambayo ilikuwa ikitolewa meza ya tatu. Hapo alikaa karani, mama wa makamo. Nilimwamkia, kisha nikamweleza yote, na mwisho nikamuuliza kama mimi ni mnyonyaji.

"Hilo silijui, baba," alisema. "Mfanyakazi wako anaitwa nani?"

"Mama Rehema."

"Rehema ni mtoto. Yeye mwenyewe?"

Miaka sita tunakula ugali sinia moja, na sikulijua jina lake. Karani hakunicheka. Alinipa fomu, akasema mfanyakazi atie sahihi, au dole gumba kama hajui kuandika.

Nililala kwa shemeji yangu, na asubuhi nikarudi Handeni. Kabla ya kwenda tanurini nilipita shuleni, nikamwomba mwalimu wino wa kuchovya kidole.

Mama Rehema alinisikiliza huku mikono yake ikiwa na unga. Nilimwomba radhi, nikamuuliza jina. Alinawa, akajifuta kwa kanga, akauangalia ule wino, akausogeza pembeni.

"Nipe kalamu," alisema. "Jioni nasoma ngumbaru. Wewe hukuniuliza nakwenda wapi."

Akaandika polepole, herufi kubwa kubwa zikipita mstari: Zaituni Mohamedi Semkiwa.

Mpaka leo sijui vizuri mwajiri ni mtu wa namna gani. Nilichojifunza ni kwamba nilisafiri siku mbili kuuliza mimi ni nani, na yule niliyefanya naye kazi kila alfajiri sikuwa nimemuuliza hata mara moja.