Aliyeshika Msumari

Kaka yangu alikuwa fundi seremala katika kiwanda cha samani kwa miaka ishirini na miwili. Msumeno wa umeme ulipomkata mkono wa kulia, madaktari waliuunga na kidonda kikapona vizuri, lakini vidole vitatu havikukunjika tena. Ukimtazama kwa mbali hana kasoro. Hilo ndilo lililomponza.

Aliomba pensheni ya ulemavu. Daktari wa mfuko wa fidia alimpima, kisha ikaja barua ya mistari minne: mwombaji anaweza kurejea kazini; asiporidhika, akate rufaa ndani ya siku arobaini na tano. Wifi yangu aliisoma, akaikunja, akaikunjua tena, kama mtu anayetarajia maneno yabadilike humo ndani.

Kutafuta wakili kulikula mwezi mzima. Wa kwanza alisikiliza nusu ya habari. "Mzee wangu, mimi ni wa viwanja na mirathi," akasema. "Angekuwa amekufa mtu, ningekusaidia." Kaka alicheka njia nzima. Wa pili aliipitia barua, akasema kesi imeshakufa, bora atafute kazi ya ulinzi. Siku hiyo hakucheka.

Wa tatu nilimpata mimi kwa kuulizia huku na huku: mwanamke wa makamo, ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la dawa, mafaili yamerundikwa hadi yameziba dirisha. Tulikwenda watatu. Barua hakuigusa kwanza.

"Fundi, siku ya kupimwa, tangu ulipofika pale, ulifanya nini?"

"Nilikaa. Nikaitwa. Nikapimwa."

"Ulikaa tu?"

Kaka aligeukia mafaili. Wifi akamkazia macho. "Mwambie, baba. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

Kumbe benchi la chumba cha kungojea lilikuwa likiyumba. Mguu mmoja umelegea, msumari umechomoza, na kila mtu akijigeuza, wenzake wote wanashikana mabega. Kaka alivumilia dakika kumi. Kisha akawainua wagonjwa, akalipindua benchi, akaokota jiwe lililokuwa likizuia mlango na kugongomea. Alipomaliza alilikalia, akalitikisa, likatulia tuli. Watu wakampigia makofi. Daktari alikuwa amesimama mlangoni.

"Akasemaje?" aliuliza wakili.

"Akasema, hongera fundi. Nikamwambia asante."

"Asante!" Wifi alishika kichwa. "Mwenzio anakuandikia uzima, wewe unashukuru!"

"Sasa ningefanyaje, mama watoto? Nikae juu ya benchi bovu, na mimi fundi?"

Wakili hakutabasamu. "Uligonga kwa mkono gani?"

"Wa kushoto."

"Na msumari aliushika nani?"

Kaka alimgeukia mkewe. Wifi akanyanyua kidole gumba. Ukucha ulikuwa bado mweusi. "Mimi. Na alinigonga mara mbili."

"Basi kesi yenu ni hiyo," alisema wakili. "Nitaichukua. Ila hayo utayasema wewe mwenyewe, fundi, mbele ya bodi ya rufaa. Nikiyasema mimi, yatakuwa maneno ya wakili tu."

"Watu wa kiwandani nao wataitwa?"

"Wataitwa."

"Wale nimewafundisha kazi mimi. Niwaambie siwezi kushika msumari?"

"Ndiyo."

Kaka alisimama, akashuka ngazi bila kuaga.

Siku kumi hakulizungumzia, na sisi hatukuthubutu. Siku ya kumi na moja nilimkuta uani peke yake, mbele yake ubao na misumari saba, yote imepinda. Hakuinua uso.

"Twendeni kwa yule mama," alisema.

Rufaa iliwahi. Siku ya kusikilizwa, mwenyekiti wa bodi alimuuliza, "Lile benchi ulilitengeneza wewe?"

"Mimi na mke wangu," alijibu. "Mkono ulioshika msumari ni wake. Mimi siwezi kushika msumari. Randa siwezi. Shati hili kanifunga vifungo yeye. Kiwandani hawatatuajiri watu wawili kwa nafasi moja."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamaza ghafla. Mafundi wawili walioitwa kutoka kiwandani waliinamisha vichwa.

Barua ya pili ilikuja baada ya wiki tano. Wifi aliona neno la kukubaliwa, akapiga kigelegele kilichowatoa majirani nje. Kaka aliichukua barua, akaisoma taratibu huku midomo ikimcheza, mpaka alipofika pale palipoandikwa kwamba hataweza tena kazi ya useremala maisha yake yote. Akaurudia mstari huo.

"Wamekubali," alisema, kwa sauti ile tuliyopashana nayo habari siku baba alipofariki.

Wifi alikikata kigelegele katikati, akaenda kuketi karibu naye.